Fundi Ataiitaje? Mwongozo Kamili wa Kubuni Maneno ya Hadithi za Kisayansi

Hadithi yangu ya kwanza ya mambo ya baadaye ilikuwa na mashine ya kuvuna maji hewani, nami niliipa jina la kivunaunyevuanga. Nililipenda neno lile kupita kiasi. Lina ki- ya vifaa, lina kitenzi, lina unyevu, lina anga. Mtu akilisikia tu kaelewa. Nikampa mpwa wangu karatasi asome. Yeye hutengeneza pikipiki na hana mazoea ya kusoma hadithi, ndiyo maana nilimchagua. Alifika ukurasa wa pili akanirudishia.

"Mjomba, hii kitu ikiharibika fundi atasemaje? 'Nipe spana namba kumi, kivunaunyevuanga kimekufa'? Mpaka amalize kutamka, mteja kashaondoka."

Nilinuna siku mbili. Siku ya tatu nikawarudia wakongwe wa bunilizi za kisayansi nione wao walifanyaje, nikakuta kwamba maneno yao yaliyodumu karibu yote yangepita mtihani wa mpwa wangu. Hatua zifuatazo nimezipata kwao, na nyingine kwa kuharibu karatasi zangu mwenyewe. Tafuta daftari, kamusi nzuri, na mtu mmoja asiye mwandishi ambaye haogopi kukuudhi.

Hatua ya kwanza: hakikisha neno linahitajika

James Blish, mwandishi na mhakiki wa Kimarekani, alikuwa na neno la kuwakejeli wenzake: "smeerp". Mwandishi anaweka mnyama mwenye masikio marefu, anayerukaruka na kula majani, kisha anamwita smeerp na kudhani ameshafika sayari nyingine. Huyo ni sungura. Kumbadili jina hakumtoi duniani.

Kwa hiyo kila neno jipya lipime hivi: lifute, weka la kawaida mahali pake, usome tena. Kama hakuna kilichopungua, liache la kawaida. "Kipple" la Philip K. Dick, katika riwaya yake ya 1968 kuhusu androidi, yaani roboti wenye umbo la binadamu, linapita kipimo hiki. Ni takataka, ndiyo, lakini takataka zinazozaana zenyewe usiku nyumba ikiwa tupu, hadi zinafukuza kila kitu kisicho takataka. Ukiandika "takataka" tu, kule kuzaana kunapotea.

Na mara nyingi kitenzi kinatosha. Mwaka 1942 Robert Heinlein, alipotaka kuonyesha kwamba tuko katika zama nyingine, aliandika sentensi fupi ya mlango unaotanuka kama mboni ya jicho. Hakubuni jina la mlango. Kwa Kiswahili tuna bahati zaidi, maana tuna vitenzi vya macho na midomo vinavyosubiri kuazimwa: "Mlango ukafumbuka, akapita, ukafumba nyuma yake." Msomaji ameshajua kwamba mlango ule hauna bawaba, na hujamchosha na nomino yoyote.

Hatua ya pili: amua nani ndani ya hadithi alilitunga

Hapa ndipo kivunaunyevuanga kilipokufa. Nililitunga mimi, mezani kwangu. Hakuna mtu wa hadithi aliyelitunga.

Ndugu wawili wa Prague watatusaidia. Mwaka 1920 Karel Čapek alikuwa na tamthilia kuhusu wafanyakazi wanaotengenezwa kiwandani, na hakuwa na jina la kuwaita. Kama alivyosimulia mwenyewe mwaka 1933, alimwendea kaka yake Josef, mchoraji, akamkuta kazini na brashi mdomoni. Karel akamwambia amefikiria kuwaita "laboři", kutokana na neno la Kilatini la kazi, ila anaona linanuka vitabu. Josef, brashi bado mdomoni, akanung'unika kwamba basi awaite roboti.

"Robota" halikuwa neno geni kwa Wacheki. Zilikuwa siku ambazo mkulima alilazimika kulima shamba la bwana bila malipo. Dola ya Austria ilifuta utaratibu huo mwaka 1848, kwa hiyo mtu aliyeketi ukumbini tamthilia ilipoonyeshwa 1921 huenda babu yake aliifanya robota. Jina lilipotamkwa jukwaani hakufikiria chuma. (Roboti wa Čapek hata si wa chuma, wanafinyangwa kwa kitu kinachofanana na nyama.) Alifikiria mgongo unaouma.

Sisi tunatamka "roboti" bila mgongo wowote kuuma, kwa sababu neno limetufikia likiwa mashine tayari. Mwandishi wa Kiswahili anayetaka kufanya alichofanya Josef asiende Ulaya. Aende Tanga. Mkonge uliletwa huko mwaka 1893, na watu waliochukuliwa mbali kwa mkataba kwenda kuukata waliitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alikuwa na namba yake. Fikiria hadithi ya mwaka 2180 ambamo viwanda vinatoa wafanyakazi wa kutengenezwa, na watu wanawaita manamba. Hakuna silabi mpya hata moja, na msomaji mwenye babu aliyewahi kupita mashamba yale ameshajua uasi unakuja.

Jiulize basi: jina lilitolewa na kiwanda kinachouza, na serikali inayotawala, au na mtaa unaotumia? Majina ya pande hizo tatu hayafanani. George Orwell, katika riwaya yake ya 1949, alichunguza upande wa serikali: wizara ya ukweli inakatwa na kubanwa kuwa "Minitrue", na katika kiambatisho mwishoni anaeleza faida ya kubana, kwamba neno linatamkwa haraka bila mtu kusimama kufikiri lina nini ndani. Nasi tunaijua hali hiyo. Watanzania husema "Tamisemi" kila siku, na ukimwuliza mtu ghafla ayataje maneno yaliyomo atahesabu kwa vidole. Ukitaka ofisi ya mwaka 2180 isikike ni ofisi kweli, fuata njia hiyo ya kuunganisha vichwa vya maneno. Ukitaka mtaa usikike, usithubutu.

Hatua ya tatu: chagua udongo wa kulifinyangia

Ziko njia kadhaa, na si zote zina rutuba sawa.

Ile ninayoipenda kuliko zote ni kuchukua neno kuukuu na kulipa kazi mpya. Kiswahili kimeifanya tangu zamani. Mzinga ni gogo lililotobolewa la kufugia nyuki. Wenye mizinga ya nyuki walipoona bomba la chuma linalotema moto, wakaliita mzinga. Ndege ni ndege. Kifaru cha vita kimepewa jina la mnyama, kisha kikahamishwa ngeli kisichanganywe naye. Maneno haya hayaelezi jinsi kitu kinavyofanya kazi. Yanaeleza mtu wa kwanza kukiona alifananisha na nini, na hilo ndilo msomaji anataka kujua.

Kuna pia maneno yaliyosahau asili yake, na haya ni mazuri mno kwa hadithi ya zama za mbali. "Meli" imetokana na neno la Kiingereza la barua na vifurushi vya posta, kwa sababu vyombo vikubwa vilivyokuja pwani vilikuwa vinabeba posta. Leo meli inabeba mbuzi, saruji na abiria wa Unguja, na hakuna anayefikiria barua. Weka angalau neno moja la namna hiyo katika ulimwengu wako: jina ambalo sababu yake imekufa miaka mia iliyopita. Usiielezee. Iandike kwenye daftari tu, kwa ajili yako.

Njia ya pili ni sauti. Pikipiki, tingatinga, bombomu: kitu kinajitaja chenyewe. Bodaboda na daladala hazikutokana na mlio, lakini zimeingia katika umbo lilelile la kurudiarudia, na umbo hilo sasa sikioni mwetu lina harufu ya usafiri na nauli. Ukibuni teksi ya kuruka mwaka 2090 na kuiita "chombo cha usafiri wa anga ya chini", umeandika leseni yake. Kama inavuma, abiria wa Mbagala watakuwa wameshaipa jina la kuvuma kabla mwenye kampuni hajakata utepe.

Ya tatu ni kuunga maneno. Hii ni njia ya hatari, kama nilivyokwisha kukiri. Wanaleksikografia wetu walitupa tarakilishi, na kutokana nayo kipakatalishi, yaani tarakilishi ya kupakata. Ni maneno yenye akili, na bado ukiingia duka la vifaa utasikia kompyuta na laptopu. Lakini muungo ukifanywa kwa ujanja hudumu. Katama Mkangi, katika riwaya yake ya 1995, aliita sayari ya mbali Walenisi. Unalisoma kama jina la mahali, unalizoea, halafu siku moja linajifungua lenyewe mdomoni: wale ni sisi. Siri ya muungo mzuri ndiyo hiyo kuchelewa. Kivunaunyevuanga kinajieleza papo hapo, kwa hiyo hakina cha kukupa baadaye. Walenisi linangoja.

Ya nne ni kuazima lugha nyingine, na hapa waandishi wa Kiswahili tuna tatizo ambalo wa Kiingereza hawalijui. Frank Herbert, katika riwaya ya jangwa aliyoitoa 1965, alijaza kurasa maneno ya Kiarabu: Mahdi, jihad, lisan al-gaib, ruh, naib. Msomaji wa Iowa aliona ugeni mtupu. Wewe na mimi tunaona jirani. Ruh ni roho, lisan al-gaib ni ulimi wa ghaibu, na chifu wa kabila anayeitwa Naib kwetu anashushwa cheo mara moja, maana naibu tunamjua: ni yule anayekaa kwenye kiti mkubwa akisafiri. Kiarabu katika hadithi ya Kiswahili hakileti sayari ngeni. Kinaleta msikiti, mahakama na mashairi. Ukitaka uzito wa dini au sheria, kitumie. Ukitaka ugeni, azima kwingine: lugha ya bara uliyokulia, Kichina cha wajenzi wa barabara, Kigujarati cha maduka.

Anthony Burgess, mwaka 1962, alihitaji lugha ya vijana wahuni wa kesho. Alijua kwamba akiandika misimu ya London ya mwaka ule, kitabu kitazeeka kabla ya karatasi zake. Akaazima Kirusi: "droog" ni rafiki, "horrorshow" ni neno la Kirusi la "vizuri" lililogongwa nyundo hadi likasikika kama Kiingereza. Hata jina la lugha yenyewe, Nadsat, ni kiambishi cha Kirusi cha namba za kumi na moja hadi kumi na tisa, yaani umri wa hao vijana. Onyo hilo linatuhusu sana. Usiwape vijana wako wa 2090 Sheng ya mwaka huu. Itakuwa ya wazee kabla hujapata mchapishaji. Una kifaa kikuukuu zaidi na kisichochakaa, nacho ni kinyume, mchezo wa pwani wa kugeuza silabi. Pesa inakuwa sape, gari inakuwa riga, kesho inakuwa shoke. Yapitishe maneno kumi katika mashine hiyo, chagua matatu yanayoteleza ulimini, tupa saba.

Kuna pia njia ya jina la mtu au la kampuni, kama bajaji. Heinlein alimpa mhusika wake wa 1942 jina la Waldo, mtu dhaifu wa mwili anayetumia mikono ya mashine, na mafundi wa kweli wakaja kuiita mikono ya namna hiyo "waldo". Ni njia rahisi, inafaa kwa kitu kimoja tu katika hadithi nzima.

Hatua ya nne: lipe ngeli, na uifikirie sana

Mwongozo wa Kiingereza hauna hatua hii. Wa Kiswahili usipokuwa nayo ni bure.

Rudi kwa Čapek. Kicheki nacho hutenganisha vyenye uhai na visivyo na uhai katika wingi wa nomino za kiume. "Roboty" ni wingi wa vitu. "Roboti" ni wingi wa wenye uhai. Čapek aliandika roboti. Kabla mhusika yeyote hajasimama jukwaani kuuliza kama viumbe hawa wana nafsi, sarufi ilikuwa imeshajibu. Tafsiri ya Kiingereza ililipoteza jambo hilo lote. Kiswahili kinaweza kulirudisha, na zaidi.

Tazama: "Roboti imesimama mlangoni." "Roboti amesimama mlangoni." Herufi moja imebadilika na sheria za nchi zimebadilika nayo. Katika hadithi ya mwenye nyumba na roboti wake, mpe mwenye nyumba i- tangu mwanzo: imechelewa, inazeeka, itauzwa. Mtoto wa nyumba mpe a-. Wasigombane juu yake. Halafu ukurasa wa nane, usiku, umeme umekatika, mwenye nyumba aseme bila kujisikia: "Yuko wapi? Amekula chaji?" Hadithi yako imegeuka hapo, na hukuhitaji aya ya falsafa.

Ngeli inashusha pia. Ki- ya udogo ikipachikwa kwa mtu ni tusi. Utawala katili wa hadithi yako hauna haja ya kubuni jina la watu wa tabaka la chini. Unaweza kuwanyima tu ngeli ya watu. "Hiki kimekuja kuomba maji." Askari akisema hivyo getini, msomaji anasisimka nywele kabla hajaonyeshwa bunduki.

Kwa upande mwingine, kuna shida za wenzetu ambazo kwetu hazipo. Ursula K. Le Guin, katika riwaya yake ya 1969 kuhusu watu wasio na jinsia ya kudumu, aliwaita wote kwa kiwakilishi cha kiume cha Kiingereza. Alilaumiwa, na aliirudia hoja hiyo katika insha ya 1976 na tena 1987. Sisi tuna "yeye". Unaweza kuandika kitabu kizima bila kufichua kama nahodha wa chombo ni mwanamke au mwanamume, na msomaji asigundue kwamba umemficha.

Vitenzi vina alama zake. Kitenzi kinachoishia kwa -a kinasikika cha Kibantu, cha nyumbani. Kinachoishia kwa -i, -e au -u, kama kufikiri, kusamehe na kujibu, kinasikika kimepanda jahazi. Ukibuni "kuteva", kinazaa hapo hapo: kutevea, kutevesha, kutevana. Ukibuni "kutevu", umemwambia msomaji kwamba jambo hili lililetwa na wageni. Amua kwanza lilitoka wapi, ndipo uchague irabu.

Hatua ya tano: liangalie kama linazaa

Neno lisilozaa halijaishi. Mwaka 1941 Isaac Asimov aliandika neno la Kiingereza la taaluma ya roboti akidhani lipo tayari kwenye kamusi, kumbe ndiye anayelitumia kwa mara ya kwanza. Mzizi ulikuwa hai kiasi kwamba ulizaa mkononi mwake bila yeye kujua.

Kwa kila neno lako andika manne kwenye daftari: mtu anayehusika nalo, kitendo chake, mahali pake, na namna linavyotumika kutukana. Manamba linatoa unamba, kinamba, kambi ya manamba, na "ana akili za kinamba". Kivunaunyevuanga kinatoa nini? Mvunaunyevuanga? Nililifuta hapohapo.

Baada ya mpwa wangu kunikatalia, niliihamishia hadithi Dodoma, nchi kavu yenye wafugaji, nikamwuliza Mgogo mmoja wa kufikirika: wewe mashine hii ya bati inayotoa maji kila alfajiri ungeiitaje? Akanijibu upesi. Ng'ombe. Na neno hilo likaja na ukoo wake wote. Maji hayachotwi, yanakamuliwa. Mashine zikikaa pamoja ni zizi. Ikiisha nguvu, ng'ombe amekauka. Mwizi wa usiku ni mkamuaji. Mahari inaweza kulipwa. Sikubuni kitu, na ulimwengu mzima ulisimama.

Jirani wa hadithi anaishi Pemba, nako hakuna sababu ya kuita ng'ombe. Mvuvi anajua dema, mtego wa kusuka unaozamishwa na kuachwa. Mashine ile ile kule ni dema: linategwa jioni, asubuhi unaangalia limeshika nini. Sasa hao wawili wakikutana kwenye gari moja na kuanza kubishana juu ya "ng'ombe" na "dema", unayo tamthilia nzima, na umeonyesha ukubwa wa nchi bila ramani.

Neno likizaa sana linaweza kukutoroka. Edward Bulwer-Lytton alibuni "vril" mwaka 1871 kuwa nguvu ya ajabu ya watu waishio chini ya ardhi. Kipande chake kimebaki ndani ya Bovril, rojo ya nyama ya ng'ombe inayouzwa kwenye chupa.

Hatua ya sita: liingize kwenye sentensi bila kulitambulisha

Hivi ndivyo nilivyoandika mara ya kwanza:

"Asha aliwasha kivunaunyevuanga chake, yaani mashine ya kisasa inayofyonza unyevu uliomo hewani na kuugeuza kuwa maji safi ya kunywa, kisha akasubiri."

Nani anafikiri hivyo alfajiri? Asha ameitumia mashine hiyo tangu utotoni. Mtu hawashi "jiko, yaani kifaa cha kupikia". Hii ni ya pili:

"Asha aliamka kabla ya jua. Ng'ombe akishapigwa na jua hatoi kitu. Alimgonga ubavuni, bati likalia tupu. Akainama kutazama ndoo: vidole viwili vya maji, na matone yameshakauka ukingoni. 'Nani kamkamua usiku?'"

Hakuna maelezo, ila kuna bati, ndoo, maji na mwizi. Msomaji atababaika kwa sentensi mbili, kisha atajipongeza kwa kuelewa. Raha ya bunilizi za kisayansi iko hapo, na ukimweleza kila kitu umemwibia. Desturi yangu ni hii: mara ya kwanza neno litokee likitumika, mara ya pili mtu alilalamikie, mara ya tatu liharibike au liibwe. Baada ya hapo ni la msomaji. Na "yaani" ifute kila uionapo karibu na neno jipya.

Heinlein alikaza zaidi. "Grok", kitenzi cha watu wa Mirihi katika riwaya yake ya 1961, maana yake ya kwanza ni kunywa, na anatuacha tujikusanyie zile nyingine, za kuelewa na kuwa kitu kimoja na kinachoeleweka. Kwenye sayari kavu kunywa pamoja ni jambo zito. Asingechagua kitenzi hicho kwa watu wa nchi ya mito.

Vipi kuhusu sherehe, ile orodha ya maana za maneno, mwishoni mwa kitabu? Herbert aliweka orodha ndefu ya msamiati. Burgess hakuitaka, na wachapishaji wa Marekani wakaongeza yao. Sisi tuliolelewa na diwani zenye sherehe chini ya kila shairi hatuioni kuwa aibu, na wengine huanza kuisoma kabla ya shairi. Iweke ukipenda, ila hadithi isiitegemee. Bora zaidi iwe sehemu ya hadithi. Kiambatisho cha Orwell kuhusu lugha ya utawala kimeandikwa kwa wakati uliopita, na wasomaji wengi wamechukua hiyo kuwa dokezo kwamba utawala wenyewe uliishaanguka. Sherehe yako nayo inaweza kuwa imeandikwa na mtu, mwaka fulani, kwa sababu fulani.

Idadi? Kwa hadithi ya kurasa kumi naanza na maneno ishirini daftarini na kubakiza matano. Hayo matano yanauma kuyachagua.

Hatua ya saba: livushe mpaka

Kiswahili hakina mji mmoja. Mkenya akisikia "nyanya" anaweza kumfikiria mama wa mama yake. Mtanzania anafikiria mboga. "Bibi" wa Dar ni mzee wa kuheshimiwa, na Nairobi anaweza kuwa mke wa mtu. Manamba wangu wa mkonge, niliokuwa nikiwaonea fahari, nikawapeleka kwa msomaji wa Nairobi akacheka: kwao manamba ni kijana wa matatu anayening'inia mlangoni akiita abiria. Nikafikiria kulitupa neno. Baadaye nikalibakiza na kumweka mhusika wa Nairobi anayelielewa vibaya, na kosa lake likawa sehemu ya hadithi.

Mfano wa wasiouliza ni watunzi wa Star Trek, mfululizo wa televisheni wa Marekani wa 1966. Walitaka afisa wa chombo aitwe kwa neno uhuru, wakabadilisha irabu ya mwisho wakapata Uhura, jina liwe laini la kike. Kwa Kiswahili -a haimfanyi mtu mwanamke, na kwa sikio letu Uhura ni uhuru ulioandikwa vibaya. Cha kuchekesha ni kwamba herufi moja mbele ingewapa Zuhura, jina la kike lililopo, na jina la sayari juu yake.

Kabla hujalipitisha, litamke kwa sauti mara tano mfululizo, litafute kwenye kamusi, kisha mwulize mtu wa pwani, wa bara na wa Kenya kama lina maana ya chumbani. Mara nyingi linayo.

Hatua ya nane: mpe mtu, kisha nyamaza

Usimwulize msomaji wako kama maneno yameeleweka, atasema yameeleweka. Mwombe akusimulie hadithi kwa maneno yake, wewe ukiwa na daftari. Kila neno lako atakaloliruka na kusema "ile mashine" au "wale watu", lipigie mstari, halijashika. Atakalolitumia bila kutua, limebaki.

Mpwa wangu alisoma toleo la Dodoma akiwa amekaa juu ya tairi, mikono ina grisi, anageuza kurasa kwa kiwiko. Nilipomwomba anisimulie, alisema ng'ombe mara sita, hakuiita mashine hata mara moja. Akafuta mikono, akafikiri kidogo.

"Ila Mjomba, mbona hukusema habari za ndama? Hao wadogo, wa mtu asiye na pesa ya ng'ombe mzima. Watakuwepo tu. Wa kubeba begani."

Hakukuwa na ndama kwenye hadithi. Sasa wapo, ukurasa wa tatu, na mmoja ana pancha.